Sanduku la Vagoni za Papa Tshibangu

Enzi zetu, sisi tuliokulia mji wa migodi wa Likasi mambo yalipokuwa yanaanza kuharibika, ni wachache walionunuliwa vitu vya kuchezea. Vilitengenezwa, na vikivunjika vilitengenezwa tena. Wavulana walikuwa na magari ya waya, wasichana wanasesere wa magunzi. Lakini mimi na rafiki yangu Mbuyi, binti wa jirani, tulikuwa na kitu ambacho watoto wa mitaa mingine walikuja kukichungulia juu ya ukuta. Tulikuwa na treni.

Aliitengeneza baba yake Mbuyi, Papa Tshibangu, fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya reli. Vagoni kumi na moja za makopo ya maziwa na sardini, zenye ekseli za spoku za baiskeli. Reli zilikuwa nyaya zilizopigiliwa juu ya vibao, zikizunguka uwanja wao wote. Kwenye mpera ndipo kituo cha Kambove. Penye bomba la maji ni Mwadingusha. Nyuma ya choo tulipaita Shinkolobwe, kama ule mgodi wa urani, na huko treni haikuruhusiwa kusimama, maana abiria angeshuka na kuota pembe.

Jua likianza kushuka, mchezo uliisha na kazi ikaanza. Papa Tshibangu hakukubali hata vagoni moja ibaki nje. Alikuwa ametengeneza sanduku la mbao lenye vyumba kumi na viwili, kumi na kimoja vya vagoni na kimoja kikubwa cha kichwa cha treni. Kwanza tulifungua kulabu zilizoziunganisha. Kisha tulifuta kila gurudumu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya mawese, tukaifunga vagoni kwa kipande cha kitenge, tukailaza kwa ubavu, kila moja chumbani kwake. Kwenye kona tuliweka kifuko cha majivu makavu ya kunywa unyevu. Tukiharakisha, alitufungulisha zote tuanze upya.

“Vagoni inaharibikaka kwa kulala mubaya,” alituambia, “hapana kwa kutembea.”

Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. “Batoto banalala bane mu kitanda kimoja, lakini makopo, kila moja iko na chumba yake!”

Tulikuwa na miaka kumi na mmoja maneno yalipoanza. Mishahara ilikuwa imekatika, walimu hawaji shuleni, na watu wenye njaa wakaambiwa na wanasiasa kwamba wa kulaumiwa ni majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai, warudi kwao. Mbuyi alizaliwa Likasi. Baba yake pia. Kasai walikuwa wakiisikia tu kwenye hadithi za bibi. Lakini wiki moja mawe yalirushwa kwenye paa lao mara tatu, na asubuhi moja nikaona magodoro yao yamefungwa kamba.

Papa Tshibangu alikuja kwetu amebeba sanduku. Baba yangu alisimama mlangoni, akashindwa kumtazama usoni.

“Mama Feli,” Papa Tshibangu alimwambia mama, “mutuchungie hii. Tutarudia kuikamata.”

“Nitachunga, papa,” mama alijibu, na hakucheka.

Walikaa gare, kituo cha treni, majuma mengi, pamoja na maelfu wengine, chini ya maturubai na mashuka, wakingoja treni isiyokuja. Mama alinituma na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sufuria iliyofunikwa kitambaa. Mbuyi alikuwa amekonda, ana kikohozi. Jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, “Bavagoni beko muzuri?”

“Beko muzuri,” nilimjibu.

Nilidanganya. Siku mbili kabla, kwa upweke, nilikuwa nimetoa vagoni moja nikacheza nayo, nikaisahau uwanjani. Mvua ikanyesha. Ilikuwa imeota kutu kama kidonda.

Nilipotumwa tena, niliificha vagoni ile chini ya sufuria. Nilimpa Mbuyi mkononi, nikaanza kulia kabla sijasema neno. Hakunigombeza. Alimpelekea baba yake, aliyekuwa amekaa juu ya furushi lao. Papa Tshibangu aliigeuza taratibu, akachota mchanga wa gare, akaanza kuisugua kwa pindo la shati lake. Tukakaa naye, mmoja kulia, mmoja kushoto, tukisugua kwa zamu. Kwa muda ule hapakuwa na gare wala maturubai. Ilipong'aa, alinirudishia.

“Weka mu sanduku. Sasa unajua vile kutu inakujaka.”

Juma lililofuata treni ilikuja. Ilikuwa ya vagoni za mizigo. Nilifika gare na sufuria nikakuta watu wanapandishwa mmoja juu ya mwingine, wazee, wagonjwa, watoto, mbuzi. Niliita jina la Mbuyi mpaka sauti ikakauka. Niliona mkono ukipungwa, lakini mikono ilikuwa mingi.

Miaka ya njaa ikafuata. Siku makaa yalipokosekana kabisa, nilimwona mama akilitazama lile sanduku la mbao kavu. Akaenda akavunja kiti cha baba, akapika. Baba alikula amechuchumaa.

Mfanyabiashara mmoja alituletea habari kwamba walifika Mwene-Ditu, huko Kasai, na Papa Tshibangu hakuishi mwaka. Kuhusu Mbuyi hakujua. Sanduku bado liko kwangu. Kila masika yakikaribia nafungua, nafuta, nabadilisha majivu.

Binti yangu ananiona mshamba. “Mama, si ungebapiga tu picha?” Yeye akiondoka mezani anaacha sahani, viatu na chaja kila mahali, na vyote vinamngoja hapo hapo. Sisi tulifundishwa kuweka vitu. Yeye ana marafiki kwenye simu ambao hata idadi yao haijui. Akimkumbuka mmoja, anabonyeza, na uso unatokea, unacheka. Mimi nilikuwa na mmoja tu. Najua alivyokohoa, alivyokunja kitenge. Sijui kama yuko hai.