Mbonigaba na Ahadi ya Wakati wa Vita

Mbonigaba wa Nyamyumba alikuwa shemeji yangu, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mawe ya volkano. Wakati wa vita aliwapikia askari wa Kongo mpaka Misri. Huko karani aliwasomea gazeti: wakubwa wawili wa upande wetu wamekutana melini, wakapatana dunia itakavyokaa vita ikiisha. Mbonigaba alishika neno moja tu, kwamba ardhi haitabadilishwa bila wenyewe kutaka. Wakubwa walikuwa wakisema juu ya nchi na mipaka. Yeye alielewa shamba lake la ndizi, pale ufukoni mwa Ziwa Kivu. Nilimcheka miaka kumi na zaidi.

Mwaka 1954 nikaacha kucheka. Ajenti mmoja wa serikali, Mbelgiji, tuliyemwita Bwana Kamba kwa jinsi alivyopenda kupima vitu vya watu, alilipima shamba lile. Muzungu mwenzake alitaka kujenga nyumba ya kupumzikia. Mbonigaba angepewa kipande Kanama, mteremko ambao hata mbuzi anausimamia kwa mashaka. Ilibaki atie kidole kwenye karatasi ya kukubali.

"Mi sitaki," alisema. "Vita tulipiga pamoja, mukaahidi."

"Nani alikuahidi we, mupishi?"

"Wakubwa wako. We ulikuwa umejificha wapi wakati wanasema?"

Kwa jibu hilo alilala gerezani siku saba.

Mke wake, dada yangu Nyiramana, akanijia. "We kila siku unajisifu unajua kuandika. Bon, andika leo, ama usikanyage tena kwangu."

Basi niliandika yote, ahadi ya melini na ndizi zake. Gisenyi nzima haikuwa na mwandiko kama wangu. Nilifika darasa la nne kwa mapadri. La tano halikunistahili. Barua ilikuwa ya kupewa wageni wa Umoja wa Mataifa, wale waliokuja kila miaka mitatu kuangalia kama Wabelgiji wanatutunza.

Walipofika, Mbonigaba alisimama mbele ya gari lao na barua mkononi. Mmoja, mwenye miwani, alisomewa, akauliza kupitia mkalimani ahadi ya melini inahusu nini na ndizi.

"Shamba si ardhi?" alisema Mbonigaba. "Na mi si mwenyewe?"

Mgeni akamtazama Bwana Kamba. Bwana Kamba akatazama ziwa. Barua ikaingia mkobani.

Wiki iliyofuata ndizi zote zilikatwa, na msingi ukachimbwa. Jibu lilikuja mwaka uliofuata: serikali imeulizwa, nayo imesema hakuna mwenye malalamiko. Mbonigaba hakwenda Kanama. Alihamia uani kwangu na mke na watoto na kelele zake.

Bwana Kamba akaja tena na ile karatasi, maana faili lake halikufungika bila kidole. Alimkuta Mbonigaba anamenya ndizi za kwangu, mikono imejaa utomvu.

"Maliza jambo hili," alisema Bwana Kamba. "Nyumba imekwisha kujengwa."

Mbonigaba hakuinua kichwa. "Bomoa kwanza. Kidole utakikuta hapa."