Barbados imeniponyoka kwa sababu ya salamu

Leo nimeipoteza safari ya Barbados kabla hata sijavua viatu.

Bibi yake Shanice, rafiki yangu wa darasani, anakwenda kwao Barbados likizo hii, na alikuwa radhi kunichukua. Alitaka kuniona kwanza.

Baada ya shule nikaenda nyumbani kwao, mtaa wa Handsworth. Bibi alikuwa sebuleni na wageni wawili. Nikaanza papo hapo: maji ya bomba kule yananyweka? Nibebe dawa ya mbu?

Wageni wakatazamana.

"Ushauri wa kwanza, binti," akasema bibi. "Kwetu, ukiingia penye watu unasalimia kabla ya kuuliza lolote. Hata dukani."

Mimi, jamani! Niliyelelewa kwa shikamoo!

"Habari za mchana, bibi."

"Sasa ndiyo unaniona?"

Hakucheka.

Nyumbani nilipomsimulia, mama akashika kichwa. "Shikamoo zote nilizokufundisha umezisahau kwenye basi?"

Jioni Shanice akaniandikia: "Bibi anasema labda mwaka mwingine."

Najua maana ya labda ya watu wazima.

Hata hivyo kesho nitapita kumsalimia tu, bila swali hata moja.

Mngekuwa nyinyi, mngenifungulia mlango?