Mita ya Muuzaji

Nauza vitambaa vya mapazia sokoni Jabe, na kila kipande nakipima mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu. Katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyekuwa akinigeuzia mgongo nikimpimia. Alikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha mtaani kwetu. Jina lake na langu ni moja, kwa hiyo tuliitana somo, na mtu hamwekei somo wake macho kwenye mita. Nami nilikuwa namwongezea upana wa vidole vinne, bila kusema.

Kituo kilipoingia katika mradi wa kuboresha huduma, kamati ya mtaa ilitakiwa kutoa mkazi mmoja wa kukagua. Shabaha ilikuwa mgonjwa asikae kwenye benchi mpaka ugonjwa umzoee. Kikao kizima kiligeuka kunitazama.

"Huyu mama," mwenyekiti akasema, "ukimupa mukono anahesabu vidole mbele ya kukusalimia."

Nikaichukua kama sifa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mgonjwa alikuwa na fishi, karatasi yake ya kituo. Mapokezi waliandika saa aliyofika, muuguzi akaandika saa aliyomwona, nami mara moja kwa mwezi nilitoa moja katika nyingine. Na kwa kuwa siamini karatasi, nilikaa kwenye benchi na saa yangu ya mkononi nikawafuata wagonjwa kumi kwa macho yangu. Mwezi wa kwanza ilikuwa aibu; watu walifika asubuhi wakaitwa adhana ya adhuhuri inalia. Mwezi wa pili ikapungua. Mwezi wa nne mtu alikuwa hajamaliza kumsalimia jirani yake, anaitwa. Fishi na saa yangu vilisema jambo moja.

Nilikuwa nafika saa nne, saa aliyonipangia somo, kwa sababu mapema wana kazi nyingi. Niliingilia mlango wa uzazi, ulio upande wa kwetu, na chai ya tangawizi ilikuwa inaningoja na maandazi mawili. Maandazi niliyahesabu. Milango sikuihesabu.

Nikasaini. Somo akanikumbatia, na cheti cha kituo bora kikatundikwa juu ya mapokezi. Sokoni niliisema habari hiyo kwa kila aliyekuja kuuliza bei. Na nilimwambia shangazi yangu, aliyenilea, anayekaa Nyakabiga na kuchukua dawa ya presha kila mwezi katika kliniki moja ya huko: "Acha pale. Njoo huku. Nimepima mwenyewe."

Akaja. Miezi mitano alikwenda peke yake, na nikimuuliza anajibu, "Dawa nimepata." Mwezi wa sita miguu ikamvimba. Nikafunga kibanda, nikamfuata nyumbani, tukatoka pamoja. Tulitokea upande wa kwake, kwa hiyo saa moja asubuhi tulikuwa mbele ya geti kubwa.

Geti lilikuwa limefungwa. Chini ya ukuta, kwa nje, watu walikuwa wamekaa juu ya kanga na vipande vya maboksi. Nilihesabu thelathini na mmoja. Nikarudia: thelathini na wawili. Kulikuwa na mtoto mchanga ndani ya kitenge.

"Kumefungwa?" nikamuuliza zamu, mlinzi wa geti.

"Apana, mama. Iko wazi. Ni kungoja tu. Ndani wakimaliza watano, mi naingiza watano."

"Na saa ya kufika inaandikwa wapi?"

"Kule ndani. Hapa inje mutu hajafika bado."

"Tangu lini?"

"Tangu ule muradi wa kupunguza foleni." Kisha akanitazama vizuri. "Si we ndiye mama wa kukagua? Mi nilizani unajua. Ule mulango wa uzazi waliupaka rangi ju yako, upite wewe."

Nyuma yangu shangazi alikuwa amekwisha kaa. Alitoa kwenye mfuko kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne, kimelika kingo kwa kukunjwa, akakitandika kama mtu anayetandika kitanda chake.

"Shangazi, ulikuwa unajua?"

"Kujua nini? Si hapa ndipo ninakaa kila mwezi?"

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Ulisema umepima mwenyewe. Nikasema, bien, amekubaliana na somo wake. Mi nikufedheheshe ju ya jua tu?" Akavuta kanga usoni. "Na chai yao, inakuwaka na sukari?"

Mama mmoja karibu yetu akacheka, kisha akakohoa ili isionekane amecheka. Nikaelewa kwamba ukuta mzima ulikuwa unajua habari ya chai, na wote walidhani nimekula.

Tuliingizwa saa tano kasoro dakika kumi. Saa tano na dakika tano shangazi akaonwa. Fishi yake ikasema dakika kumi na tano, na haikusema uongo.

Alipokwisha kupata dawa, nikamwendea somo ofisini.

"Somo, umenidanganya."

"Wapi? Nionyeshe fishi moja ya uongo."

Sikuwa nayo.

"Tuko wauguzi wawili," akasema. "Ile foleni ningeipeleka wapi? Watu wa muradi walitaka ndani kuwe na nafasi, nikaweka nafasi. Maksi zikishuka, hata huyu wa pili watamutoa."

"Ungeniambia mimi."

"Ungefanya nini?"

"Ningeandika."

"Eh bien," akasema. "Ndiyo sababu."

Angekuwa mgeni, angeniibia katika hesabu moja, nami ningemkamata katika ya pili. Yeye alinijua. Alijua napima mara mbili, akapanga mambo ili mara zote mbili nipate jibu lake. Hata mtoto wa Jabe anajua kwamba ukinunua kitambaa, unatazama kwanza muuzaji ameanzia wapi. Mimi nilipima kituo kizima kuanzia pale alipoweka kidole chake, nikanywa na chai.

Mwezi uliofuata nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nje ya geti, na kigoda changu na chaki ya fundi cherehani. Kila aliyekuja nilimwandikia saa yake ukutani, juu ya kichwa chake.

"Mama, ukuta wa watu!" zamu akalalamika.

"Utafutika."

Mchana nikasoma ukuta, nikasoma fishi, nikaandika vyote viwili. Chini yake nikaandika kwamba ripoti zangu zote za nyuma zilianza kupima mahali pasipofaa. Kusaini ile kulinichukua muda mrefu kuliko foleni.

Kamati ikaamuru geti lifunguliwe. Foleni ikaingia ndani, chini ya bati, mabenchi yakajaa, na cheti kikateremshwa. Muuguzi wa pili bado yupo. Namhesabu kila mwezi. Shangazi amerudi kliniki yake ya Nyakabiga. "Pale nangoja sana," alisema, "lakini nikifika wanakubali nimefika." Simbishii.

Juzi muuguzi mkuu alikuja kibandani. Pazia la ofisi limechakaa.

"Bonjour, mama," akasema.

"Bonjour, madamu. Mita ngapi?"

"Nne."

Nikalaza kitambaa kwenye mita. Hakugeuka. Alisubiri nimalize, akanyoosha mkono, akaichukua mita ya mbao kutoka mkononi mwangu na kupima mwenyewe, kisha akarudia toka mwanzo. Zilikuwa mita nne kamili. Vile vidole vinne sikuwa nimeviongeza, na siku hiyo angeviona.