Kumlinda Wahida Asimfikie Mumewe

Wahida binti Masoud, fundi cherehani wa Bagamoyo, hajapata kulazimishwa jambo na mtu tangu apate akili zake, na anayebisha akaulize mtaani kwao. Posa mbili alizikataa mchana kweupe, moja ya mwenye malori, shangazi zake wakamnunia mwaka mzima. Alipofika miaka thelathini na nne, watu wameshachoka kumsema, ndipo alipomwendea baba yake na kumwambia kwamba anamtaka Alawi, mtu wa Mlingotini, anayetengeneza majokofu ya kiwanda cha samaki huko Ulaya. Nchi yenyewe siitaji, isije ikadhani naisifia.

Wakaoana kama tunavyooana sisi. Wanaume msikitini, Alawi kashikana mkono na mkwewe, sheikh anasoma hotuba. Bibi harusi yuko nyumbani, chumbani, kajifunika gubigubi, na shangazi yake Mwanaharusi yuko mlangoni anakusanya simu za wanawake kwenye ndoo, maana picha za bibi harusi wa watu hazisambazwi ovyo. Wakakaa pamoja siku arobaini. Alawi akarudi kazini kwake, Wahida akaanza kuomba viza ya kumfuata mume. Alitaka mtoto, wala hakuwa na haya kulisema, maana miaka ilikuwa inakwenda na yeye anaiona.

Fomu ya ubalozi ilikuwa na maswali mpaka ya chumbani. Walitaka kujua wanaongea nini kwenye simu, mara ngapi, saa ngapi. Basi maneno ya mke na mume, yale ambayo hata mama mzazi hasomewi, Wahida akayapeleka stesheneri yakachapwa, akayatia kwenye bahasha akiwa ameinamisha uso.

Baada ya miezi kumi na moja likaja jibu: hapana. Walisema picha za ndoa hazimwonyeshi bibi harusi hata moja; zinamwonyesha bwana harusi kashikana mkono na mzee. Sasa jamani, walitaka ashikane mkono na nani? Anayeoza ni baba. Lakini wao walishaona harusi za kwao, gauni na keki, wakadhani dunia nzima inakata keki.

Wahida hakukata tamaa, akaomba upya. Safari hii akaandikisha viapo vya mashahidi, wanaume waliokuwa msikitini na wanawake waliokuwa chumbani, wengine wakatoka Kerege kuja kutia dole gumba. Akajibiwa kwamba wanaume hawakumwona bibi harusi na wanawake hawakumwona bwana harusi, kwa hiyo aletwe mtu aliyewaona wote wawili siku ile. Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Ni Mzee Masoud, baba yake, aliyekwenda chumbani kumwomba binti idhini ndipo akaenda msikitini kumwoza.

Mzee akavaa kanzu yake ya Idi, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akaketi ubalozini mbele ya kioo. Upande wa pili palikuwa na ofisa na mkalimani. Ofisa akamwuliza kama siku ya ndoa alimwuliza binti yake. Mzee akafurahi moyoni, akaona hawa watu kumbe wanajua lililo la maana. Akasema alimwuliza, tena mara tatu, kwa jina la mume na mahari yake. Akaulizwa binti alijibu nini.

"Hakujibu," akasema Mzee Masoud. "Aliinama, akalia kidogo. Binti yangu ana adabu."

Na kila mtu wa pwani anajua alichosema. Mwari akiulizwa na baba yake mbele ya watu, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Asiyetaka ndiye anayesema. Na kama Wahida angekuwa hataki, angesema mpaka wa Mbegani wakamsikia. Mkalimani naye alikuwa mtu wa huku huku na alilijua hilo vizuri. Lakini yeye kalipwa kugeuza maneno, si kueleza, akayageuza kama yalivyo na midomo akaifunga. Huyo ndiye nisiyemsamehe mimi.

Mzee akarudi nyumbani kachangamka, na tende za kumpa binti yake mkononi, akisema mambo yamekwenda vizuri.

Barua ikaja baada ya wiki sita. Ombi limekataliwa kwa sababu ipo shaka kwamba mwombaji aliozwa bila ridhaa yake, na uamuzi huo umefanywa kwa ajili ya kumlinda. Sahihi yake kwenye cheti cha ndoa haikuwaondolea shaka, maana sahihi, walisema, mtu anaweza kulazimishwa kuitia. Kumlinda na nani? Na mumewe aliyemchagua mwenyewe! Chini kabisa waliweka namba ya simu ya kuwasaidia wanawake wanaoshikiliwa kwa nguvu.

Mzee Masoud akaomba asomewe mara ya pili. Kisha akasema, "Nimekuvunjia nyumba yako, mwanangu," na chakula cha mchana hakukigusa. La kwake Wahida alikuwa akilivumilia, lakini kumwona baba yake, aliyesema kweli tupu, anaomba radhi kama mwizi, kulimpandisha hasira. Akachukua simu, akapiga ile namba.

Alipokea mwanamke wa sauti ya upole, akamwunganisha na mkalimani, akamtoa hofu kwamba hakuna atakayemsikia. Wahida akajibu kwamba hana siri, baba yake yuko hapo pembeni na anasikia kila kitu. Mwanamke akamwuliza polepole kama kuna mtu anayemzuia kwa nguvu asiishi anakotaka, na anayemtaka.

"Wapo," akasema Wahida. "Anwani yao iko juu ya barua hii iliyonipa namba yenu."

Yule mwanamke akamwomba asubiri kidogo kwenye laini. Wahida akamwambia ameshasubiri miaka mitatu, na kama kunyamaza kwake siku ile wamekuandika hapana, basi leo hanyamazi, achukue kalamu aandike kwamba anamtaka mume wake.