Fremu Tisini na Sita za Arvid Hokanson

Arvid Hokanson aliingia Jengo Kuu la chuo chetu mwaka 1941, akiwa na miaka ishirini na miwili, kuja kulisha makaa tanuri la chini. Nilipoajiriwa mimi katika ofisi ya msajili, miaka kumi na sita baadaye, makaa yalikuwa yameshaondoka na Arvid alikuwa bado yupo. Alioa, akafiwa na mke, hakujaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka chuoni, lakini ukimhitaji, hata siku ya Jumapili, ulianza kumtafuta kwenye Jengo Kuu.

Jengo lenyewe ni la mawe, la mtindo wa Kigothi, lenye mnara na madirisha yaliyochongoka vichwa. Waliolijenga walikuwa wakulima wa Kiswidi na Kinorwei walioona kwamba bila mnara hakuna atakayeamini kuwa hicho ni chuo. Fedha na nguvu zao zikaishia kwenye mnara, na msingi wa upande wa kaskazini wakaujenga ovyo kwa haraka. Jengo likalala upande kidogo, likatulia hivyo, na tangu hapo hakuna dirisha linalofanana na jingine. Hili limeinama kushoto, lile limebanwa kichwa.

Baridi ya Minnesota haina mzaha, kwa hiyo kila Oktoba madirisha yote yalivikwa fremu za pili kwa nje, za mbao na kioo, na kila Mei zikavuliwa. Zilikuwa tisini na sita, kila moja imepigwa randa kwa ajili ya dirisha lake tu. Fundi aliyemtangulia Arvid alizitia alama za patasi kwenye ukingo wa chini, na Arvid alizitambua kwa kupitisha kidole gumba. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Aliifanya peke yake, na ukimpa mkono wa msaada alikuambia asante kwa sauti iliyokuambia uondoke. Wengine tuna watoto wa kujivunia. Yeye alikuwa na zile fremu.

Mwaka 1974 tulipata msimamizi mpya wa majengo, Duane Pribyl, mtu mwema na mwepesi wa kutenda, mchanganyiko ambao umenitia hasara mara nyingi maishani. Kiangazi kile Arvid alipokwenda kumtembelea dada yake Duluth wiki mbili, Duane aliteremka ghala la chini na wapaka rangi wawili. Wakazipiga fremu zote msasa, wakazipaka rangi upya, kisha Duane akaandika namba nyeupe kwenye kila moja, kuanzia moja hadi tisini na sita.

"Mzee, safari hii utafanya kazi kama bwana mkubwa," alimwambia Arvid aliporudi. "Unaanza mlango mkuu, unazunguka kushoto. Namba moja, dirisha la kwanza. Umeridhika?"

Arvid alipitisha kidole kwenye ukingo wa fremu ya karibu. Ulikuwa laini kabisa.

"Si mbaya," akasema.

Kwetu hilo ndilo neno la sifa, na ndilo pia neno la kuficha. Duane alilichukua kama sifa, akaenda zake akipiga mluzi.

Oktoba ikafika. Siku ya kwanza nilimwona Arvid akipanda ngazi na fremu, akishuka nayo, akipanda na nyingine. Siku ya pili vilevile. Nilipomuuliza alisema mbao zimevimba kwa unyevu. Duane naye alipita mara kadhaa, akatazama juu, hakuuliza kitu. Huku kwetu kumuuliza mtu mzima kuhusu kazi yake ni sawa na kumfungulia sufuria jikoni kwake.

Siku ya tatu alivika dirisha langu. Pakabaki mwanya wa kupitisha vidole viwili, upepo ukaingia na kunipeperushia fomu za wanafunzi sakafu nzima. Nikavaa koti, nikatoka.

"Arvid bwana, unataka nife na nimonia?"

"Itakaa tu, Verna. Ipe siku mbili."

"Siku mbili za nini? Unaisubiri iote? Hiyo ni namba ngapi?"

Alikuwa ameiteremsha, ameiegemeza gotini. Akaisogeza usoni, akaipeleka mbali, akaisugua kwa kidole gumba.

"Thelathini na tatu."

Ilikuwa thelathini na nane. Imeandikwa kubwa, ningeisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Miaka mitatu. Katikati pana ukungu. Pembeni naona." Akaangalia upande wa maegesho ya magari kama kwamba pana mtu. "Usimwambie Duane. Akinishusha ngazi, nitafanya nini siku nzima? Nikakae nyumbani nisikilize friji?"

"Ukianguka nitamwambia nani kwamba nilijua?"

Nilimpa mpaka Ijumaa: amwambie mwenyewe, au nitamwambia mimi. Nilijiona nimetenda haki, tena kwa upole.

Alimwambia Alhamisi. Duane, nasikia, machozi yalimlengalenga. Akampa Arvid kazi ya kupanga barua kwa masanduku, kazi ya kusoma majina, jambo linaloonyesha jinsi wema wake ulivyokuwa na akili. Ngazi akaichukua mwenyewe.

Jumatatu alianza na watu wawili, wote macho yao mazima. Hadi saa sita mchana walikuwa wamepandisha fremu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokaa. Duane aliingia ofisini kwangu, pua nyekundu kwa baridi.

"Verna, hili jengo lina wazimu."

"Hizo namba ulizitoa wapi?"

"Kwenye fremu zenyewe. Zilikuwa zimepangwa ukutani, nikahesabu."

"Zimepangwa kwa utaratibu gani?"

Arvid alizivua kila Mei kuanzia upande wa kusini, si kwenye mlango mkuu, kwa kuwa jua hufika huko kwanza, na kuziegemeza ukutani kadiri zinavyoshuka. Mtu yeyote katika jengo angeweza kumwambia Duane hivyo. Hakumuuliza yeyote. Na zile alama zilizopigwa msasa alidhani ni alama za meno ya panya.

Alikwenda kumwomba radhi Arvid kwenye masanduku ya barua, mbele yetu. Arvid akamsikiliza mpaka mwisho.

"Leteni kiti," akasema.

Tulimwekea kiti kwenye nyasi, chini ya mnara. Wakamletea fremu moja moja. Alizizungusha mapajani, akizipapasa pembe na kichwa. "Hii ya rais wa chuo, ya kushoto. Hii ya choo cha ghorofa ya pili. Hii ya ngazi za nyuma." Duane alipandisha, na kila moja ilikaa kwa kubanwa na kiganja tu. Siku sita, fremu tisini na sita.

"Kwa nini hukusema?" Duane alimuuliza. "Mikono yako ilikuwa inajua."

"Mkono ulisema hivi, namba ikasema vile. Nikajua mkono nao umekwisha."

Yangu ilikuja siku ya mwisho. Aliishika kona moja, akatabasamu kidogo. "Hii ya Verna. Kona hii niliichonga mwaka ule ulipoanza kazi. Ulilalamika kuhusu upepo shingoni."

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia kwamba nilimbana akiri kosa ambalo halikuwa lake.

"Macho ni mabovu kweli," alisema. "Hapo hukukosea." Akaipapasa tena ile kona. "Ila fremu hii umekaa nayo miaka kumi na saba, Verna. Ile nyingine ilipopandishwa dirishani kwako, hukuona kwamba si yako?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimesoma namba.

Duane akaipandisha, ikakaa. Arvid akakunja kiti mwenyewe, akakirudisha ndani. Ngazi hakuipanda tena, na majira yale yote ya baridi hakuna karatasi iliyotikisika mezani pangu.