Mtani Barazani kwa Daktari wa Meno

Juma lililopita nilikaa na wagonjwa wenzangu barazani kwa daktari wa Kidachi, hapa Morogoro, tukingoja kung'olewa magego ya mwisho. Kila koleo lilipolia ndani ya beseni, benchi zima lilishika shavu.

Mluguru mmoja, mtu mzima aliyeteremka kutoka Mgeta, alikuwa akihesabu wangapi wamebaki mbele yake. Mzigua aliyekaa kando yake, kilemba kimemfunika hadi mashavuni, akaokota utete, akampima kutoka kisigino hadi utosini, kama wapimavyo maiti kabla ya kuchimba kaburi.

"Mtani, wewe mfupi. Wachimbaji watakushukuru."

"Mzigua mlafi we! Utanitangulia."

"Nikutangulie? Na mjane wako nimwachie nani?"

Mtani hakasirikiwi. Mluguru akacheka mpaka machozi, na alipoitwa akaingia akicheka. Kisha tukasikia ukelele mmoja tu. Akatoka hai, kinywa kimejaa pamba na damu.

"Mwingine!" mtumishi akaita mlangoni.

Mzigua akafungua kilemba. Shavu lilikuwa limevimba kama andazi. Kumbe kwa utani wote ule alikuwa akijipoza mwenyewe! Akamshika mwenzake mkono.

"Mtani, nitukane basi."

Mluguru akaonyesha pamba kinywani. Akauokota ule utete, akainama miguuni kwa Mzigua, akaanza kupima. Naye Mzigua akaingia akicheka.

Watu huniuliza utani una faida gani. Siku ile niliiona. Mlango ulipofunguliwa tena na mtumishi akaninyooshea mimi kidole, nilitazama kushoto na kulia. Kabila langu halina mtani Morogoro.