Lenzi za Rehema Nilizovaa Siku ya Wageni

Niseme kabla sijaanza kujitafutia visingizio: nilivaa macho ya mtu. Ndiyo, umesoma vizuri. Jirani yangu Rehema alikuwa na zile lenzi za kubandika ndani ya jicho, nami nikazichukua bila ruhusa. Ujinga ni wangu peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Dandora, Nairobi. Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga tuliazimana kila kitu: chumvi, pasi ya makaa, viatu vya harusi. Kulikuwa na sketi moja nyeusi iliyohudhuria mazishi mengi kuliko pasta.

Basi mchumba wangu Wafula akaniambia watu wake wanakuja kutoka Bungoma kuniona, wakiongozwa na shangazi yake waliyemwita Senge. Na huyo Senge, wee! Akikukataa, umekataliwa. Mimi nami miwani yangu ilikuwa mizito kama vitako vya chupa. Nikajiambia mama huyu atauliza, mwanamke asiyeona atachaguaje mawe kwenye maharagwe?

Nikamwomba Rehema lenzi zake. Akanicheka, kisha akakaza uso.

"Hizi si viatu, dada. Kila jicho lina kipimo chake, na uchafu wake."

Nikakubali kwa mdomo. Lakini wiki ile akasafiri Mombasa kwa mazishi, akaniachia ufunguo nimlishie paka. Paka alikula, usijali. Halafu, asubuhi ya siku ya wageni, nikafungua kikopo alimoloweka lenzi zake za zamani, nikazisuuza kwa maji ya mfereji wa ploti, nikazisukuma machoni.

Jamani, kuwasha! Machozi yalinitoka tangu chai hadi wali. Senge alinisikia nikivuta kamasi, akanipapasa shavu, akawatangazia wenzake kwamba huyu ndiye msichana, ana haya, analia kwa heshima. Wafula akaninong'oneza miwani yangu iko wapi. Nikamwambia anyamaze, mtihani nimeshapita.

Kesho yake jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama nyanya. Nikasingizia moshi wa jaa la taka. Maskini moshi ule, umesingiziwa mengi Dandora! Niliona aibu kusema ukweli, nikangoja na kungoja, hadi doa jeupe likatokea palepale katikati ya jicho na mwanga ukawa unanichoma. Wafula ndiye aliyenishika mkono tukaenda hospitali.

Daktari alimulika, akauliza, nikatapika yote. Akasema nina kidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Nilitiwa matone usiku na mchana. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Hadi leo jicho lile linaona dunia kama kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi.

Nikamuuliza daktari kuhusu ile leza niliyoisikia redioni, inayowafanya watu wa ng'ambo watupe miwani. Akatabasamu. Akanieleza kwamba leza ile huchonga konea yenye afya ili asiyeona mbali aone, na hata hivyo wengine hubaki na macho makavu, au usiku huona kila taa imezungukwa na duara. Kovu lililozama kama langu haiwezi kulifuta.

"Na miwani yako ilikuwa inakutosha," akasema.

Nililia. Safari hii haikuwa heshima, yalikuwa majuto matupu.

Rehema aliporudi nilimweleza kila kitu. Hakunitukana. Alichukua ufunguo wake akafunga mlango, na ilichukua muda mrefu kabla hajaniazima tena hata chumvi. Hilo liliniuma kuliko jicho.

Siku ya harusi nikavaa miwani yangu, liwalo na liwe. Senge akanisogelea. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa miwani yake iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, akaivaa, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe ndiwe wewe!" akasema. "Siku ile sikukuona hata kidogo, mwanangu. Hii niliificha, msije mkaniita mzee hapa Nairobi."

Ndugu zangu, azimaneni chumvi, azimaneni hata sketi ya mazishi. Cha kuingia jichoni usiazime. Na kabla hujajiumiza ili mtu akuone mzuri, hakikisha kwanza kwamba anaona.